Kusoma Uwanda wa Sheppey

Mtu anayetafuta mandhari ya kupendeza asiende Sheppey mwezi wa Februari. Kisiwa hiki cha Kent, kusini mashariki mwa Uingereza, kimekaa pale mto Thames unapoingia baharini, na mkondo uitwao Swale ndio unaokitenga na bara. Ni tambarare ya udongo mzito na nyasi zilizopauka kwa baridi, magereza matatu karibu na Eastchurch, na safu za nyumba ndogo za likizo zilizofungwa hadi jua lirudi. Upepo wa mashariki haukuti kilima cha kuuzuia. Wakati huo Pwani yetu ya Afrika Mashariki iko kwenye kaskazi, watu wanalala madirisha wazi. Huku unavaa soksi juu ya soksi na vidole bado vinakufa ganzi.

Nausifu msimu huu hata hivyo, kwa sababu ndio unaompima mtazama ndege. Mwishoni mwa majira ya baridi miti haina jani la kuficha chochote, mbegu zilizosalia mashambani tangu mavuno zimekwisha, na njaa inawalazimisha ndege kuhangaika mchana kutwa mbele ya macho ya watu. Wageni wa kaskazini hawajaondoka, na wenyeji wameshaanza kugombea viwanja vya kutagia. Kila kitu kiko wazi. Na bado watu wawili wanaweza kusimama kwenye tuta moja saa nzima, mmoja akaona kinamasi kitupu, mwenzake akajaza kurasa mbili za daftari.

Kinachowatofautisha si majina. Majina yamo vitabuni, na siku hizi yamo hata kwenye simu. Kinachowatofautisha ni kujua macho uyaweke wapi, na mara nyingi si pale alipo ndege unayemtaka.

Chukua malisho ya Elmley, upande wa kusini wa kisiwa. Mbele yako kuna mamia ya bata wenye vichwa vya rangi ya kutu, wale wanaopiga mluzi, wanatafuna majani ukingoni mwa maji. Nyuma yao wametapakaa ndege wenye vishungi, migongo yao ya kijani ikimetameta, kila mmoja hatua chache kutoka kwa mwenzake, midomo yote ikielekea upepo unakotoka. Akija mwewe wa matete, anapita chini chini, mabawa ameyainua kidogo juu ya mgongo. Hunyanyuka wale tu walio chini ya njia yake. Wanazunguka na kutua nyuma yake, kama mkeka unaokung'utwa upande mmoja. Wengine hawaachi hata kula. Wanamjua: huyu anatafuta panya, mgonjwa, mzembe.

Akija kozi, mambo ni mengine. Uwanda mzima unaruka kwa pamoja. Wenye vishungi wanapanda kwa fujo, wakitawanyika. Bata walio majini wanabaki majini. Wale walioko nchi kavu wanakimbilia maji. Mgeni hulitazama kundi, na hana kosa, maana ndege elfu moja hewani si kitu cha kupuuzwa. Mzoefu huinua darubini juu ya kundi, juu kabisa, kwenye anga tupu, kwa kuwa huko ndiko kozi anakopenda kuanzia. Hajamwona bado, lakini ameshaambiwa yupo, na aliyemwambia ni hofu ya bata. Ndiyo maana nasema huu ni ufundi wa kusoma kuliko wa kuona. Kwanza unajifunza sura ya uwanda ukiwa umetulia, na hilo huchukua miaka; baada ya hapo, kila kinachoharibu utulivu ule kinajieleza chenyewe.

Elmley inasimamiwa na familia ya wakulima, na ng'ombe wao ni sehemu ya kazi: wanakata nyasi kwa meno hadi zifikie urefu ambao ndege wa kishungi anaukubali kwa kiota chake. Maji ya mitaro nayo hupandishwa na kushushwa kwa mpango. Kutoka langoni hadi nyumba za shamba ni njia ya kama kilomita 3, na mgeni anaombwa asishuke garini. Ukizima injini na kushusha kioo, ndege hulichukulia gari kuwa ng'ombe mwingine tu. Ukifungua mlango, mambo yote yamekwisha. Wanachokimbia ni umbo la binadamu aliyesimama kwa miguu miwili, na wanayo historia ndefu ya kulikimbia.

Historia hiyo inatugusa na sisi. Katika karne ya 19 anayejiita mjuzi wa ndege Uingereza alikuwa na bunduki. Alimwua ndege, akamchuna, akamweka kabatini na kibandiko. Miongoni mwa waliochoka na desturi hiyo alikuwa Edmund Selous, ambaye naye alikuwa ameua wa kwake kabla hajaweka silaha chini na kuanza kukaa kimya mashambani, akiandika yale ndege waliyoyafanya. Kitabu chake juu ya kutazama ndege kilitoka mwaka 1901. Jina la ukoo huo Watanzania wanalijua kwa njia nyingine: Frederick Selous, mwindaji wa tembo na simba, alikuwa kaka yake. Aliuawa kwa risasi Beho Beho, karibu na Rufiji, Januari 1917, akipigana na jeshi la Wajerumani, na kaburi lake liko hukohuko. Pori kubwa la akiba lilichukua jina lake, na mwaka 2019 sehemu yake ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Kwa yule mwenye bunduki tulibandika jina kwenye ramani. Mdogo wake ni wachache wanaomtaja. Mimi ningeanza na mdogo.

Ukitoka Elmley kuelekea mashariki, kwenye mashamba ya ngano changa ya Harty, huenda ukakuta kundi la mabata bukini wadogo weusi, wenye alama nyeupe shingoni. Hawa huzaa kwenye rasi ya Taimyr, Siberia. Vuli wanapofika hula majani yanayoota chini ya maji ya pwani. Yakipungua, wanahamia mashambani, na mwenye ngano hafurahi. Katika miaka ya 1930 ugonjwa uliyaangamiza majani hayo ya baharini, na mabata wakapungua vibaya. Uingereza ilipiga marufuku kuwawinda mwaka 1954, na polepole wakarudi kwa wingi.

Hapa ndipo napenda kumtazama fundi akiwa kazini. Darubini kubwa iko juu ya miguu yake mitatu, na fundi haangalii kundi bali mabawa yaliyokunjwa, moja baada ya jingine. Bata mzima ana bawa la rangi ya giza lisilo na mstari. Aliyezaliwa kiangazi kilichopita ana mistari miembamba myeupe inayokata bawa, na huyo ndiye anayetafutwa. Kuna miaka ambayo karibu kila familia ina watoto watatu au wanne, na kuna miaka ambayo unapita kundi zima usione mstari hata mmoja. Sababu iko Siberia: panya wadogo wa kule huongezeka na kupungua kwa mzunguko wa miaka michache. Wakiwa wengi, mbweha weupe wanashiba panya. Wakiwa haba, mbweha wanageukia mayai na vifaranga. Mtu aliyesimama kwenye tope la Kent anasoma, kwenye bawa la bata, habari za panya wa Taimyr wa kiangazi kilichopita. Sijui kazi nyingine inayokupa hayo kwa bei ya darubini na thamosi ya chai.

Kuhesabu nako kuna mkono wake. Huwezi kuhesabu moja, mbili, tatu hadi elfu. Kundi litakuwa limeruka. Unahesabu kumi kwa uhakika, unaangalia kumi hao wamechukua nafasi kiasi gani, unapanua hadi mia, kisha unaipitisha mia hiyo juu ya kundi kutoka ncha hadi ncha, ukikumbuka kwamba katikati wamesongamana kuliko pembeni. Jicho la binadamu likiona wengi hupunguza, kwa hiyo anayejijua hurudia kutoka upande wa pili. Uingereza imekuwa ikihesabu ndege wa majini kwa utaratibu tangu mwaka 1947, kwa maelfu ya watu wasiolipwa chochote, kila mmoja na kipande chake cha pwani.

Wapo wanaosafiri usiku kucha kwa ajili ya ndege mmoja aliyepotezwa na dhoruba kutoka Marekani, wampige picha, wamtie kwenye orodha, waondoke kabla ya chakula cha mchana. Sio dhambi. Ila huo naona ni ufundi wa kuendesha gari. Daftari ninaloliheshimu ni lile ambalo baada ya majina kumi limeandikwa, bila aibu, kwamba mwewe wa kumi na moja alikuwa mbali, mwanga ulikuwa mbovu, na hakujulikana.

Jioni wengi hukusanyika kwenye tuta la Capel Fleet, kando ya barabara ya kwenda Harty, kungoja mwewe warudi kulala kwenye matete. Wanakuja mmoja mmoja, kisha watano, na mara nyingine anapita bundi mweupe kwenye mtaro bila sauti. Kijana aliyewazoea anaweza kudhani walikuwepo siku zote. Mwaka 1971 mwewe hao walikuwa wamebaki jozi moja tu inayozaa katika Uingereza nzima, huko Minsmere, Suffolk. Vinamasi vilikaushwa, bunduki zikafanya kazi yake, na dawa ya wadudu ya DDT ikayafanya mayai yao yawe na maganda membamba. Leo jozi zinazozaa ni mamia, na Sheppey ni ngome yao mojawapo. Ndugu zao wa kijivu hawakupata bahati hiyo: wanakuja kisiwani wachache, na kwenye milima ya kaskazini bado wapo watu wanaowaua kinyume cha sheria ili wabakize ndege wa kuwindwa kwa mchezo.

Anayetaka kuanza, na awe popote kati ya Sheppey na Watamu ya Kenya, ningemwelekeza kwa ndege mmoja wa matopeni. Maji yakijaa Shellness, ncha ya mashariki ya kisiwa, ndege wa pwani husukumwa hadi kwenye ukingo wa makome, na miongoni mwao yumo mmoja wa kijivu, mnene kidogo, mwenye jicho kubwa jeusi. Anakimbia hatua tatu, anasimama, anainama. Ndege wa aina hiyohiyo yuko Mida Creek, karibu na Watamu, wakati huohuo, naye kaja kutoka kaskazini, kwenye tope lenye mikoko. Januari huhesabiwa katika sehemu zote mbili, kwa njia ileile ya kumi na mia. Akisimama ni rahisi kumchanganya na wengine wa kijivu, na kitabu hakisaidii sana. Subiri aruke: chini ya bawa, pale linapoungana na mwili, ana doa jeusi ambalo wenzake hawana.