Hongera kwa Walezi Walioko Marekani

Karo ya shule, dawa za presha za mama, bati jipya la nyumba: hapa Mjambere, Kisauni, mwenye ndugu Marekani anajua pesa hizo hutoka wapi. Mwaka 2024 Wakenya walioko nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.9, na zaidi ya nusu zilitoka Marekani. Lakini leo nataka kuisifu kazi yenyewe.

Minnesota, Massachusetts au Texas, Wakenya wengi huanzia kwenye nyumba za wazee kama wauguzi wasaidizi. Sheria ya huko hutaka mafunzo yasiyopungua saa 75, kisha zamu huanza. Kumwogesha mzee wa watu bila kumvunjia heshima. Kumlisha polepole asipaliwe. Kumgeuza kitandani kila baada ya saa mbili hivi ili asichubuke mgongo. Kumjibu kwa upole aliyepoteza kumbukumbu, akiuliza jambo lile lile usiku kucha. Jamani, huo ni ustadi, na wanaouita kazi duni hawajawahi kuufanya.

Zaidi ya robo ya wanaowahudumia wazee na wagonjwa wa muda mrefu Marekani ni wahamiaji. Wakiondoka, mabinti na wana wa wazee hao watalazimika kuacha kazi zao wenyewe. Uchumi mkubwa kiasi hicho umeegemea mikono hii, na bado ujira wake ni mdogo. Hongereni sana, dada na kaka zetu. Mnastahili kulipwa zaidi.