Pumzi ya Mwimbaji

Orodha za matamasha zina adabu yake. Wenye majina huandikwa juu kwa herufi nene, wengine hupangwa chini kwa herufi za kutafutia miwani. Mimi huanza kusoma kutoka chini, maana hao wa juu nishawasikia kwenye matatu za Likoni mpaka nimewachoka. Hivyo ndivyo nilivyokutana na Siti Muharam katika orodha ya Sauti za Busara, tamasha lililoanza Unguja mwaka 2004 na ambalo hufanyika Februari.

Siti Muharam ni kitukuu cha Siti binti Saad wa Fumba, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo za Kiswahili, na ambaye Shaaban Robert alimwandikia wasifu. Lakini ukoo hauimbi. Wajukuu wangapi wa maseremala hawajui hata kushika randa? Nikaitafuta albamu yake, Siti of Unguja, iliyotoka 2020, nikaifungulia kwenye simu ndani ya feri.

Sauti yake haina haraka, wala haijipandishi ili ushangae. Kinachokushika ni mwisho wa mshororo: irabu ya mwisho huivuta, akaikunja kidogo kooni, kisha akaiachia kabla hujaishiba. Na pumzi huisikii. Mama mmoja mtu mzima, kikapu cha samaki miguuni, aliusogeza mtandio sikioni.

"Mwanangu, ni nani huyo?"

"Siti Muharam, mama. Wa Unguja."

Akasikiliza mpaka ubeti ukaisha. "Huyu kafunzwa. Pumzi aivuta kwenye kituo, halikati neno."

Kazi yote iko hapo. Shairi lina mizani na vituo vyake, na mwenye kuvuta pumzi katikati ya neno amelivunja, hata awe na sauti tamu namna gani. Zamani, huku kwetu ng'ambo ya Mombasa, jambo hili halikuhitaji mwalimu wa muziki kulieleza. Zuhura Swaleh alipoimba taarabu harusini, taishokoto ikimfuata nyuma, kina mama hawakutunza ovyo, walingoja. Shangazi yangu wa Kisauni alikuwa na noti yake, ameifunga kwenye pindo la leso, na haikufunguliwa mpaka ubeti umefungwa sawasawa. Harusi moja nilimwona akiinuka, akafika nusu ya njia, kisha akarudi kukaa kwa sababu mwimbaji, binti mgeni kwetu, alikuwa amepwaya kwenye kina cha mwisho. Shangazi akakaa na noti yake, uso umekunjamana kama aliyedhulumiwa. Binti aliona. Ubeti uliofuata akauimba kwa uangalifu mwingine kabisa, akakiendea kile kina polepole mpaka akakiweka mahali pake. Shangazi akainuka tena, safari hii akafika mbele, akatunza, akarudi akitikisa mabega.

Basi binti yule alikuwa amejulikana. Hakuhitaji orodha ya mtu. Kaseti za Juma Bhalo, za Zein l'Abdin na za Maulidi Juma zilivuka maji kutoka mjini zikatukuta tushabishana juu ya nyimbo zenyewe, maana harusini ndiko zilikosikika kwanza.

Leo, Likoni hata Changamwe, turubai la harusi ni lilelile, lakini aliyeketi mbele ni dijei na kompyuta yake. Naambiwa bendi ni ghali: mpiga udi, wa fidla, wa dumbaki, nauli zao na sahani zao za pilau. Sawa. Lakini hizo spika zinazotikisa mabati ya majirani mpaka alfajiri nazo hazitolewi sadaka. Msichana mwenye koo lake, wa Mtongwe au Mishomoroni, atajifunzia wapi kuvuta pumzi, na nani atarudi kukaa na noti yake akikosea? Akialikwa, huwekwa kwenye ule muda wa kumngoja bibi harusi. Wimbo wa taarabu wataka dakika kumi, pengine zaidi, bashrafu itangulie, watu watulie. Dijei humwonyesha vidole vitatu. Dakika ya tatu ikitimia huanza kupandisha wimbo wake mwingine juu ya sauti ya msichana, katikati ya neno.