Uadilifu na Pande Mbili za Mzani

Uadilifu na unyofu hutumiwa kana kwamba ni neno moja, ilhali kila moja lina njia yake. Unyofu umetokana na kunyoka, na mti ulionyoka hunyoka hata ukiwa peke yake nyikani. Uadilifu una asili ya Kiarabu, na mzizi wake hutaja kulingana kwa vitu viwili, mfano wa shehena iliyogawanywa sawa katika mbavu za ngamia. Hakuna awezaye kuwa mwadilifu pasipo mwenziwe wa kumtendea haki.

Tofauti hiyo huangaza riwaya mbili zilizotoka Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Viktoria mkoani Mwanza. Katika Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi, Zakaria humlinda bintiye kwa kipigo. Barua ya kijana inatosha kumletea Rosa mateso. Naye Zakaria ni mlevi ampigaye mkewe, Regina, aliyebeba mzigo wa nyumba. Anadai unyofu kwa binti, wala hana uadilifu kwa yeyote. Rosa atokapo machoni pa baba hana cha kumwongoza, maana alichofunzwa ni hofu. Charles, mchumba wake, anamwacha kwa kukosa ubikira, naye Rosa anajiua. Kitabu kiliwahi kupigwa marufuku mashuleni kwa jina la maadili. Marufuku hayo yalirudia kosa la Zakaria: yalitazama mwenendo wa binti, yakamwacha baba bila kupimwa.

Aniceti Kitereza alimaliza kisa cha Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, kikachapwa kwa Kiswahili mwaka 1980. Wawili hao hawana mtoto. Jamaa za mume wanamsimanga mke, na wazazi wake wanamchukua. Myombekere anaifuata njia ya ukweni, anaomba, na analipa pombe ya ndizi anayotozwa. Kosa la ndugu zake analibeba yeye. Hapo shehena imelingana.

Yaweza kusemwa kwamba Kitereza aliipamba jamii ya kale, na Kezilahabi akaivua nguo ile ya zama zake. Hata hivyo wote wawili wanauliza swali moja: anayedai maadili yuko tayari kupimwa kwa jiwe lile lile? Pasipo jibu, uadilifu hubaki fimbo mkononi mwa mwenye nguvu.