Majivu, Mawese na Siki: Ufundi wa Usafi wa Nyanda za Juu Kusini

Sabuni huzaliwa mafuta yanapokutana na alkali kali, na Nyanda za Juu Kusini zina vyote viwili tele. Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, kwenye mwinuko wa takriban mita 500, kuna michikichi na mawese yake. Ukipanda Tukuyu unakuta migomba, parachichi na mvua isiyokwisha hamu ya kunyesha. Ukivuka Mbeya kuelekea Iringa yanaanza mashamba ya mahindi na alizeti, misitu ya misonobari na mianzi ya ulanzi. Kila ukanda una kitu chake cha kusafishia nyumba. Anayetengeneza sabuni na dawa za usafi kwake huitwa fundi kwa haki pale anapojua kipi kinatoka wapi, kinafanya nini na hakifanyi nini.

Unadhifu wenyewe ulitangulia sabuni ya mche. Mwaka 1879 msafiri wa Kiskoti Joseph Thomson alipofika ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, vijiji vya Wanyakyusa vilimvutia kuliko karibu vyote alivyokuwa ameviona njiani, kwa nyumba zake nadhifu na nyua zilizofagiliwa chini ya migomba. Hakukuwa na duka la sabuni. Kulikuwa na fagio, maji, udongo wa kukandika na majivu.

Majivu ndiyo yanayostahili kusemwa kwa kirefu, kwa sababu watu huyadharau na kuyatupa kama kwamba yote ni mamoja. Hayafanani hata kidogo. Ya misonobari, yanayotoka kwenye mabanzi ya viwanda vya mbao karibu na shamba la miti la Sao Hill wilayani Mufindi, yana potasi kidogo. Ya miti migumu ni bora zaidi. Yanayoshinda ni ya maganda na mashina makavu ya migomba, pamoja na ya magunzi ya mahindi, ambayo familia nyingi huyachoma usiku wa baridi kuotea moto na asubuhi kumwaga jalalani malighafi ya sabuni. Majivu ya makapi ya mpunga, yanayorundikana karibu na mashine za kukoboa za Mbarali, ni habari nyingine kabisa. Sehemu yake kubwa ni silika, madini yale yale ya mchanga, kwa hiyo hayatoi alkali ya maana. Lakini mbele ya sufuria lenye ukoko na masizi hayana mpinzani. Huchekechwa kwanza ili chembe nene zisichubue, kisha hushikwa kwa dodoki lililoloweshwa kidogo tu, maana yakizidi maji huteleza bila kukwangua. Majivu ya migomba hayafai kazi hiyo kwenye vyombo vya alumini: alkali yake huila alumini na kuiacha na mabaka meusi.

Kutoa alkali kwenye majivu kunahitaji chombo kilichotobolewa kitakoni. Ndoo ya plastiki inatosha, ingawa chungu cha Wakisi, wafinyanzi wa pwani ya Matema ambao bidhaa zao huuzwa katika soko la Lyulilo, kinapendeza zaidi machoni. Chini hupangwa changarawe, juu yake nyasi kavu, halafu majivu yaliyochekechwa na kushindiliwa kiasi. Maji humiminwa polepole kutoka juu. Ya mvua ndiyo mazuri, kwa kuwa hayana chokaa iliyoyeyuka, na Tukuyu inayopata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka haina sababu ya kutumia mengine. Kinachodondoka chini ni maji ya hudhurungi yenye utelezi. Kipimo chake ni yai bichi. Likizama, maji hupitishwa tena kwenye majivu mapya. Likielea na kuonyesha kipande cha ganda chenye upana wa sarafu, yamekolea.

Wengi hukwama hapa. Maji hayo, hata yakikolea, ni kabonati ya potasi: hulegeza grisi kwenye kitambaa na sakafuni, lakini yakichemshwa na mafuta hutoa sabuni dhaifu, yenye mafuta yasiyogeuka. Yanahitaji chokaa iliyozimwa, na mawe ya chokaa hayako mbali. Ndiyo yanayolisha kiwanda cha saruji cha Songwe, magharibi mwa jiji la Mbeya. Chokaa ikikorogwa ndani ya maji ya majivu ya moto, mashapo meupe hutuama chini na juu hubaki alkali kali kweli kweli, inayochoma ngozi na kupofusha jicho. Neno "asilia" limewaponza watu wengi kwa kuwafanya wadhani kitu kilichotoka shambani hakiwezi kudhuru.

Sabuni ya potasi huwa laini, ya kuchota kwa kidole. Anayetaka ya kipande hutia chumvi ya kawaida ndani ya chombo kinachochemka. Sodiamu huchukua nafasi ya potasi, na sabuni hujitenga na kuelea juu ya maji. Ulaya nayo ilitegemea majivu kwa karne nyingi, mpaka Mfaransa Nicolas Leblanc alipopata hataza mwaka 1791 ya kutengeneza soda kutokana na chumvi. Kostiki soda ya madukani leo hutengenezwa viwandani kutokana na chumvi hiyo hiyo, na watengenezaji wengi wa nyumbani huitumia badala ya kuhangaika na majivu. Si udanganyifu: vipimo vikiwa sahihi, haibaki kostiki yoyote ndani ya sabuni iliyokomaa.

Vipimo, basi. Kilo 1 ya mawese hugeuka sabuni yote kwa takriban gramu 141 za kostiki soda safi, na kilo 1 ya mafuta ya alizeti kwa takriban gramu 135. Mtu makini hupunguza asilimia 5 hivi ya kostiki ili mafuta kidogo yabaki na mikono isikauke. Kikombe cha kupimia unga hakifai. Mizani ndiyo chombo cha kwanza cha kununua. Kostiki hutiwa ndani ya maji baridi, kamwe si maji juu ya kostiki, na hufanyika nje penye hewa. Mawese hutoa kipande kigumu chenye rangi ya chungwa inayopauka kadiri siku zinavyopita. Alizeti ya Iringa peke yake hutoa kipande kinacholainika haraka kwenye kisahani. Yakichanganywa mawili haya, moja huponya kasoro ya mwenzake.

Baridi ya Juni na Julai ina masharti yake. Mawese huganda yakiwa kopo zima, hivyo huyeyushwa kwanza. Mchanganyiko hukawia kufikia uzito wa uji, ule ambao mwiko ukipita juu yake huacha mstari usiozama. Na hata ukishamiminwa kwenye boksi, hufunikwa blanketi ili joto lake lisipotee kabla kazi haijaisha. Baada ya siku moja au mbili hukatwa, kisha vipande hupangwa kwenye kichanja chenye upepo kwa wiki 4 hadi 6. Katika ukungu wa Rungwe muda huo huongezwa. Kipande kilichokomaa kikikunwa na kuyeyushwa katika maji ya moto hutoa sabuni ya maji ya sakafu na vyombo. Ile sabuni ya maji inayofundishwa sana kwenye vikundi vya wajasiriamali, ya salfoniki na rangi, ni ufundi mwingine. SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, limesaidia watu wengi kujiajiri kwa kazi za namna hiyo, na hakuna ubaya. Ila malighafi yake hutoka kiwandani, si shambani.

Kinachobaki bila sabuni ni ukoko mweupe wa birika na madoa ya maji magumu, na hapo ndipo asidi inapohitajika. Iringa inayo: ulanzi. Ukigemwa ukiwa mtamu huitwa mtogwa, ukikolea huitwa mkangafu, na ukiachwa wazi zaidi ya hapo wanywaji huukimbia, kwa kuwa bakteria wameshageuza pombe kuwa siki. Kinywaji kilichoharibika kwa mlevi ni dawa iliyoiva kwa mwenye nyumba. Siki hiyo huchujwa kwa kitambaa na kupakwa kwenye vioo, sinki na mabomba. Majani ya mkaratusi au mchaichai yakilowekwa ndani yake hupunguza ukali wa harufu. Kuichanganya na magadi kwa kuona povu tu ni kupoteza vyote viwili, sababu kila kimoja huua nguvu ya mwenzake. Kuichanganya na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo ni hatari: hutoa gesi ya sumu.

Kwa viroboto na kunguni kuna pareto, inayolimwa Mufindi na kwenye milima ya Mbeya na kukamuliwa kiwandani Mafinga. Maua makavu yaliyosagwa hunyunyizwa nyufani na chini ya vitanda. Jua huvunja sumu yake upesi, kwa hiyo huhifadhiwa gizani, na hayamwagwi mtoni, kwani huua samaki.

Taka za kazi hii nazo zina njia zake. Majivu yaliyokwisha kuchujwa bado yana kalsiamu na fosforasi, na udongo wenye uchachu wa Rungwe huyapokea vizuri. Maji ya suuza ya sabuni ya potasi yanaweza kupelekwa migombani. Ya sabuni ya kostiki yana sodiamu, na humwagwa mbali na bustani.