Mbio za Pikosekunde Ndani ya Mashine ya PET

Hospitali ya Tenwek, jirani na soko la Silibwet katika kaunti ya Bomet, ina uzoefu mrefu na mchungu wa saratani ya umio. Mwaka 2002 madaktari wake waliandika katika jarida la The Lancet kwamba ugonjwa huo ulikuwa umeenea katika wilaya ya Bomet na kwamba haukuwasaza hata vijana. Endoskopia humwonyesha daktari uvimbe ulipo. Haimwonyeshi kama chembe zake zimekwisha kuhamia kwenye tezi za mbali au kwenye ini. Kwa swali hilo, kipimo cha PET kina uwezo mkubwa, na mkazi wa Silibwet anayekihitaji hulazimika kupanda gari hadi Nairobi.

Si mashine peke yake inayomvuta huko. Dawa inayodungwa kabla ya kipimo ni sukari iliyofungamanishwa na florini-18, na nguvu yake hupungua kwa nusu kila baada ya dakika 110. Ikitoka Nairobi kwa gari na kuchukua saa nne kufika Bomet kupitia Narok, itafika ikiwa na asilimia 22 hivi ya nguvu iliyoanza nayo. Ndiyo maana mgonjwa huifuata dawa, wala dawa haimfuati mgonjwa. Katika mazingira hayo, kigunduzi kinachoweza kutoa picha safi kwa dawa kidogo au kwa dakika chache si anasa ya maabara: kundi moja la dawa huwahudumia watu wengi zaidi kabla halijaisha nguvu. Kwa miongo minne wahandisi wamekuwa wakikitafuta kigunduzi hicho kwa kupima muda kwa usahihi unaozidi kuongezeka.

Msingi wa PET ni tukio dogo mno. Florini hutoa positroni, positroni hukutana na elektroni, zote mbili hutoweka, na mahali pake huchomoza fotoni mbili za gama zenye nishati ya keV 511 kila moja. Fotoni hizo hukimbia pande mbili zinazopingana. Duara la vigunduzi linalomzunguka mgonjwa huzinasa, na kompyuta hujua kwamba tukio lilikuwa mahali fulani kwenye mstari unaounganisha vigunduzi viwili. Mahali gani hasa, mashine za zamani hazikuweza kusema. Zilisambaza uwezekano sawa kwenye mstari mzima, na picha ikajaa ukungu.

Wachukue wanariadha wawili wenye kasi sawa, waliofichwa mahali fulani kwenye barabara ya Silibwet kwenda Bomet, kisha wakaanza kukimbia kwa wakati mmoja, kila mmoja upande wake. Anayejua nani alitangulia kumaliza, na kwa muda gani, anajua walianzia wapi. Shida ni kwamba fotoni hukimbia sentimita 30 kwa nanosekunde moja. Saa ikikosea kwa pikosekunde 500, yaani nusu ya nanosekunde, mahali panakosewa kwa sentimita 7.5. Ikikosea kwa 200, kosa ni sentimita 3. Kwa mwili wenye upana wa sentimita 40, kosa la sentimita 7.5 huipa mashine faida ya takriban mara tano, ni kana kwamba imekusanya matukio mara tano zaidi; la sentimita 3 huifikisha kwenye mara kumi na tatu. Mgonjwa mnene, ambaye picha zake ndizo zilizokuwa mbaya zaidi, ndiye anayenufaika zaidi.

Wazo hilo lilijaribiwa mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Michel Ter-Pogossian na wenzake mjini St. Louis, Marekani, walijenga mashine zilizotumia fuwele za floridi ya sizi, na wengine wakatumia floridi ya bari. Fuwele hizo zilikuwa za haraka lakini hazikuwa na uzito wa kutosha kuzizuia gama, hivyo fotoni nyingi zilipenya bila kunaswa. Soko likaichagua BGO, fuwele nzito inayonasa vizuri ila huchukua nanosekunde 300 hivi kumaliza kutoa mwanga wake. Upimaji wa muda ukawekwa kando kwa miaka mingi.

Mkwamo ulivunjwa na mtu wa mafuta. Charles Melcher alikuwa mtafiti wa Schlumberger, kampuni inayochunguza visima vya petroli, alipogundua sifa za LSO, fuwele yenye madini ya luteti. Ilikuwa nzito kama BGO au zaidi kidogo, ilitoa mwanga mwingi, na mwanga huo ulififia kwa nanosekunde 40 tu. Mwaka 2006 kampuni ya Philips ilileta hospitalini mashine ya Gemini TF, iliyotumia LYSO, ndugu wa fuwele hiyo, ikiwa na usahihi wa takriban pikosekunde 600.

Kutoka 600 hadi 200 kulihitaji kazi ya aina nyingine. Gama moja huzaa maelfu ya fotoni za mwanga ndani ya fuwele, lakini zinazobeba habari ya muda ni zile chache za mwanzo; zikipotea, hakuna cha kuzifidia. Mirija ya zamani ya kukuza mwanga iligawana fuwele nyingi kwa pamoja, na mwanga ukapotea njiani. Vihisi vya silikoni, vidogo na vinavyokaa bapa, viliruhusu kuufunika uso wote wa fuwele. Mashine ya Biograph Vision ya Siemens, iliyotoka mwaka 2018, ilifanya hivyo kwa fuwele za upana wa milimita 3.2, ikafikia pikosekunde 214.

Vihisi hivyo vina gharama yake. Joto likipanda, ukuzaji wake hubadilika na kelele huongezeka, kwa hiyo mfumo wa kupoza lazima uwe thabiti. Elektroniki nazo huweza kudanganya: ishara kubwa huvuka kizingiti mapema kuliko ndogo, hata zikianza pamoja, na kosa hilo husahihishwa kwa hesabu. Kisha maelfu ya njia za umeme hulinganishwa ili zote zisome saa moja. Hapa luteti husaidia bila kuombwa, kwa sababu isotopu yake ya 176 hutoa mionzi hafifu ya asili inayoweza kutumika kuzipima saa hizo.

Mbele kabisa wako watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, na kampuni ya Hamamatsu ya Japani. Mwaka 2021 walitangaza kigunduzi kinachotegemea mwanga wa Cherenkov, unaotokea papo hapo chembe ipitapo kwa kasi ndani ya kioo. Walifikia pikosekunde 32, sawa na milimita 4.8, wakachora picha bila hesabu za kuijenga upya. Hata hivyo vigunduzi vyao vilinasa gama chache, na kazi hiyo bado ni ya maabara. Paul Lecoq wa CERN amewahimiza watafiti wafike pikosekunde 10, yaani milimita 1.5.

Kwa hospitali ya Kenya inayotafuta mashine leo, pikosekunde 200 za kuaminika zina thamani zaidi kuliko 32 za maabara. Hospitali inayoandaa zabuni idai takwimu ya muda iliyopimwa mashine ikiwa na mzigo wa mgonjwa halisi, ithibitishe kwamba umeme na upoaji havitayumba, na iandike kwenye mkataba nani atazilinganisha saa za vigunduzi baada ya mafundi wa kampuni kuondoka.