Fundi Mdogo wa Baba

Baba alikiita fundi mdogo. Kilikuwa kifaa cha mfukoni cha kukunja: ukikifungua unapata koleo, na ndani ya mishikio yake mmelala kisu, tupa, bisibisi mbili, kifungua makopo na msumeno mfupi. Kikikunjwa kinaenea kiganjani. Alipewa na mgeni aliyekuja kufunga mashine kwenye shamba la mkonge ambako baba alikuwa fundi umeme, akakaa nacho miaka 14. Kilikatika mikononi mwangu, siku ya pili ya matanga yake.

Wengine hapa huhakiki vitabu na filamu. Mimi naomba kuhakiki kifaa hiki, kwa sababu nacho kina madai yake, na madai makubwa kuliko yote ni kwamba hakivunjiki.

Nyumba yetu ya Tanga ilikuwa imejaa watu. Kina mama walikuwa uani na masufuria, wanaume walikuwa barazani wakingoja maji ya kutawadha kabla ya adhuhuri. Pampu ya umeme inayopandisha maji kutoka kisimani ilikuwa inanguruma bila kutoa kitu. Tatizo nililijua: iliingia hewa. Inabidi kufungua kizibo cha juu, kuijaza maji, kufunga, kuwasha upya. Kazi ya dakika tano. Lakini kizibo kilikuwa kimeganda. Shangazi akasema niite fundi. Nikamjibu kwamba fundi yupo, nikatoa kifaa mfukoni. Nilikuwa nacho tangu jana yake, mama aliponikabidhi pamoja na saa na funguo.

Nilikibana kichwa cha kizibo, nikazungusha. Koleo likateleza. Nikabana tena kwa mikono miwili, nikaegemeza uzito wangu wote. Ukasikika mlio mdogo, kama njugu inayopasuliwa kwa meno, na ncha ya taya moja ikadondoka kwenye saruji.

Mzee mmoja jirani aliinuka barazani, akaenda kwake, akarudi na spana. Alizungusha mara moja, kizibo kikaachia. Aliniangalia, akakiangalia kifaa. “Hiki ni cha mfukoni, mwanangu,” alisema. “Kazi hii si yake.” Maji yakatoka, watu wakatawadha.

Kwa miezi kadhaa nilikilaumu kifaa. Nilianza kusoma jinsi vifaa vya aina hii vinavyotengenezwa na vinavyovunjika, nikitafuta ushahidi dhidi yake. Nilichokipata ni kwamba havivunjiki ovyo. Vinavunjika mahali palepale, kwa sababu zilezile, na karibu kila mara mkono wa mtu umehusika.

Tuanze na taya. Koleo la kawaida la fundi ni vipande viwili vya chuma kilichofuliwa, taya na mshikio ni kitu kimoja kizima. Koleo la mfukoni haliwezi kuwa hivyo. Taya zake lazima ziingie kulala ndani ya mishikio, kwa hiyo ni nyembamba. Na mishikio yenyewe ni mitupu ndani kwa sababu ni nyumba ya vifaa vingine. Halafu taya za koleo hufunguka kama mkasi: kadiri unavyozipanua ndivyo zinavyozidi kuachana kwa mshazari. Ukishika kitu kipana, hazikikumbatii. Zinakigusa kwenye pembe mbili tu, karibu na ncha, mahali ambapo chuma ni chembamba kuliko kwingine kote. Ndipo yangu ilipokatika.

Spana haina shida hiyo kwa sababu mdomo wake umekatwa kwa saizi moja, ukae bapa kwenye ubavu wa nati. Fikiria boliti ya kawaida ya milimita 8, daraja la 8.8. Hukazwa kwa kani mzunguko ya nyutonimita 25 hivi. Kwa spana ya sentimita 17, hiyo ni sawa na kuning'iniza kilo 15 mwishoni mwa mshikio. Kwa mshikio wa sentimita 10, urefu wa kifaa cha mfukoni, utahitaji kilo 25, na mzigo wote huo utapita kwenye ncha mbili nyembamba. Hapo bado hatujaongeza kutu. Boliti iliyoganda hudai zaidi.

Kisu nacho kina njia yake ya kufa. Hakifi kwa kukata. Kinakatika ncha pale mtu anapokigeuza mtaimbo, akafungulia kopo la rangi au kubandulia fremu ya dirisha. Bamba la kisu lina nguvu sana likisukumwa kufuata makali, lakini ni dhaifu likipindwa ubavuni. Hesabu yake haina huruma: ukipunguza unene wa bamba kwa nusu, nguvu yake ya kuhimili kupindwa haibaki nusu, inabaki robo. Kisu kinachokata vizuri ni chembamba. Kwa hiyo wembamba uleule unaokifanya kisu kizuri ndio unaokifanya mtaimbo mbaya.

Sehemu ya kukatia waya, pale karibu na kiungo cha koleo, hupata pengo. Waya wa shaba haina shida nao, hata waya laini wa kufungia nondo. Ila waya wa springi, au msumari uliotiwa ugumu, unaweza kuwa mgumu kuliko makali yenyewe, na hapo anayekatwa ni mkataji. Baadhi ya watengenezaji walilikubali jambo hili, na siku hizi kuna matoleo ambayo makali hayo hufunguliwa kwa skrubu na kubadilishwa.

Mwisho ni viungo. Watu wa pwani tunavijua. Chuma kinachoitwa hakishiki kutu hushika, ila kwa shida. Ndani yake mna kromiamu, asilimia 13 hivi kwenye visu vingi vya aina hii, inayojifanyia ngozi nyembamba ya kukilinda. Chumvi ya bahari na jasho la mfukoni hutoboa ngozi hiyo, hasa kwenye mikunjo ambako maji hukaa na hewa haipiti. Ongeza mchanga, na kiungo kinaanza kulalamika kila kikikunjwa.

Hapa mtu angeuliza: kwa nini wasitumie chuma kigumu zaidi? Ni swali nililojiuliza mimi, na jibu lake ndilo lililonibadilisha mawazo. Wahandisi hutenganisha maneno mawili ambayo sisi tunayachanganya: ugumu na ustahimilivu. Kitu kigumu hakikwaruziki wala kubonyea kirahisi. Kitu kistahimilivu hupokea pigo au kupindwa bila kuvunjika. Wembe ni mgumu, na ukiupinda unakatika. Waya wa kufungia ni laini, na unaweza kuupinda mara nyingi kabla haujakubali. Kwa chuma kilekile, ukiongeza ugumu kwa moto na kupoza, kwa kawaida unalipia kwa ustahimilivu. Hakuna anayepewa vyote bure.

Waswisi wa Victorinox wanalijua hili vizuri. Katika kisu kimoja chao, chuma hakifanani ugumu. Makali ya kisu ni takriban 56 kwa kipimo cha Rockwell, ili yakae na ukali. Kizibuo na springi ni takriban 49, ili vinyumbuke visikatike. Yaani hata ndani ya kitu kinachosifiwa kwa kufanya kila kazi, kila kipande kimepewa kazi yake na udhaifu wake.

Ukirudi kwenye historia, unyenyekevu huo ulikuwapo tangu mwanzo. Kisu cha askari wa Uswisi cha mwaka 1891 kilikuwa na vitu vinne: kisu, msumari wa kutobolea, kifungua makopo na bisibisi. Bisibisi haikuwa ya kila skrubu duniani. Ilikuwa ya bunduki ya askari. Mwaka 1975, Mmarekani Tim Leatherman alisafiri na mkewe Ulaya na Mashariki ya Kati kwa Fiat kuukuu iliyowasumbua njiani. Alikuwa na kisu cha mfukoni, akakosa koleo. Ilimchukua miaka kadhaa kubuni kifaa chenye vyote viwili, na cha kwanza kiliuzwa mwaka 1983. Mimi naisoma hadithi hiyo hivi: ni kifaa cha mtu aliyekwama njiani, anayetaka gari lisogee hadi mji unaofuata. Hakikukusudiwa kuchukua nafasi ya gereji iliyoko huko.

Sasa linganisha na lugha inayoviuza vifaa hivi leo. Kwenye matangazo utaona matope, mvua, miamba, mkono wenye makovu. Maneno yanayorudiwa ni uimara, kunusurika, maisha yote. Halafu fungua karatasi ya dhamana iliyokunjwa ndani ya boksi. Leatherman wanatoa miaka 25, na dhamana ya namna hiyo si jambo la kubeza. Lakini dhamana hizi kwa kawaida zina sentensi moja inayoacha nje matumizi mabaya. Hayo ni maandishi mawili ya kampuni moja, na hayasomani. Tangazo linakualika kwenye mwamba, dhamana inakuuliza ulikuwa unafanya nini kwenye mwamba.

Lawama yangu ya kweli iko hapo, na haimhusu mhunzi. Chuma kimesema ukweli. Kila unene, kila mkunjo, kila kipimo cha ugumu kinakuambia mpaka wake, kama unajua kusoma. Maneno ndiyo yaliyoufuta mpaka huo. Na mtu anayeyaamini maneno anajikuta amemvunja mtumishi wake, kisha anaambiwa kosa ni lake.

Nami nilikuwa nimeyaamini, ingawa sikuwahi kusoma tangazo la kifaa kile. Nililisoma kwa baba. Nilimwona utotoni akitoa fundi mdogo mfukoni, akafungua hiki, akakaza kile, na kila kitu kikapona. Nikadhani kifaa kinaweza yote. Nadhani nilidhani na baba anaweza yote. Siku ile ya matanga sikuwa natengeneza pampu. Nilikuwa nawaonyesha watu wa barazani kwamba nyumba ile bado ina fundi.

Baada ya arobaini nilimuuliza mama kama baba aliwahi kufungulia nati kwa kifaa kile. Alicheka, mara ya kwanza tangu msiba. “Nati? Na lile boksi la spana alilokuwa anafunga nyuma ya pikipiki, ulidhani ni la nini?” Nililikumbuka boksi. Nilikuwa nalisikia likigongagonga kila alipoingia uani jioni, na sikuwahi kulihesabu katika picha yangu ya baba. Mtoto huona kilichotoka mfukoni.

Nikakichukua kifaa, nikakitazama upya, safari hii kwa makini ya msomaji. Bisibisi ndogo imelika pembeni, yaani hiyo ndiyo iliyofanya kazi, kwenye skrubu ndogo za swichi na soketi. Kisu kimepungua upana kwa kunolewa, lakini ncha yake ni nzima. Miaka 14 na ncha nzima: mtu huyu hakuwahi kukigeuza mtaimbo. Msumeno ni kama mpya. Viungo vinateleza, na ukivinusa bado vina harufu ya oili ya cherehani ya mama. Kifaa chote kilikuwa kimeandikwa mipaka ya mtu aliyekitumia, na mimi nilikuwa nimekivunja bila kukisoma.

Kuna methali inayosema mshika mawili moja humponyoka, na ingekuwa rahisi kumalizia nayo. Sidhani kama inamhusu baba. Alishika mawili, moja mfukoni na jingine nyuma ya pikipiki, na hakuna lililomponyoka, kwa sababu alijua lipi linaishia wapi. Uimara niliousifu miaka yote ulikuwa nusu wa chuma, na nusu nyingine ulikuwa uamuzi wake, kila siku, wa kutembea hatua ishirini hadi kwenye boksi.

Rafiki yangu mmoja amenishauri nikitume kwa watengenezaji, huenda wakanipa kipya. Huenda. Lakini nitaandika nini kwenye sehemu ya maelezo ya kilichotokea? Na kipya kitakuja na taya mbili nzima na msumeno na tupa, kisiwe na bisibisi iliyolika. Sitakituma. Ninakibeba hivihivi, taya moja fupi kuliko nyenzake. Bado kinakaza skrubu, kinakata kamba, kinamenya waya. Naweka tone la oili kila mwisho wa mwezi.

Mara ya mwisho nilipokwenda Tanga nilinunua spana mbili sokoni, za saizi ya vizibo vya ile pampu. Nilipigilia msumari ukutani pale kisimani, nikazitundika. Mama aliniuliza kwa nini nisizitie ndani zisiibiwe. Nikamwambia zinatakiwa zikae karibu na kazi yake.