Lenzi ya plazma: sumaku inayozishika elektroni na kuziacha ioni

Mwale wa ioni wenye mkondo mdogo hausumbui: mirija michache ya chuma yenye volti za kutosha huukusanya. Mkondo ukiwa mkubwa mambo hubadilika. Ioni zote zina chaji chanya, husukumana, na mwale hutanuka. Elektroni zinazozagaa ndani yake ndizo huutuliza. Lenzi ya kawaida ya umeme, kwa nguvu ileile inayokusanya ioni, huzifagia elektroni hizo nje.

Mwaka 1947 Dennis Gabor (ndiye aliyepewa Nobeli mwaka 1971 kwa holografia) alipendekeza wingu la elektroni lifungwe kwa sumaku, chaji yake hasi izivute ioni katikati. Wazo zuri, ila wingu la elektroni tupu halitulii kirahisi. Kwangu mimi, aliyefungua njia ni Alexei Morozov wa Umoja wa Kisovieti, katika miaka ya 1960.

Yeye alitumia tofauti ya uzito kati ya elektroni na ioni. Ndani ya uga wa sumaku wa tesla 0.03, elektroni ya elektronivolti 100 huzunguka duara lenye nusu kipenyo cha milimita 1 hivi. Ioni ya shaba ya elektronivolti 20,000, yenye chaji moja, ingehitaji zaidi ya mita 5. Katika lenzi ya sentimita chache ni kama haijui kwamba sumaku ipo. Elektroni hukimbia kuufuata mstari wa sumaku, lakini kuvuka kwenda mstari wa jirani ni shida. Hivyo mstari mzima hubeba volti ileile, kama waya uliotandazwa ndani ya plazma, yaani mchanganyiko wa ioni za mwale na elektroni hizo.

Kwa hiyo pete za chuma hupangwa ndani ya koili, ya kati ikipewa volti kubwa na za mwisho sifuri. Mistari inayoishia kwenye pete za mwisho hupita karibu na mhimili. Ya pete ya kati hubaki ukingoni. Volti hupanda kuelekea ukingo, ioni husukumwa ndani. Elektroni nazo hutoka kwenye pete zenyewe, ioni za pembeni zinapozigonga.

Goncharov na wenzake wa Kyiv, pamoja na Ian Brown wa Berkeley, waliijaribu kwa ioni za metali. Volti zikigawanywa vibaya kati ya pete, ioni za ukingoni hukusanyika mahali tofauti na za katikati. Kuongeza sumaku hakukusaidia: lenzi ilifanya vizuri zaidi penye uga dhaifu, tena ndani ya kiwango finyu. Uga wa namna hiyo hauhitaji koili, na baadaye waliweka sumaku za kudumu.